Mjadala: Milioni 12 za afya ya wanafunzi, tujenge chumba cha wagonjwa au jiko?

Mjumbe wa Bodi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nalileta hili hapa kabla ya kikao cha Jumamosi kwa sababu humu wamo walimu, manesi na wazazi, na kule kikaoni tukishaanza kunyoosheana vidole hakuna anayemsikia mwenzake.

Niko kwenye bodi ya sekondari moja ya kata, mkoa wa Dodoma. Ni ya kutwa, wanafunzi 480, na hosteli ndogo ya wasichana 32. Mhitimu wetu mmoja ambaye mambo yamemnyookea ametoa shilingi milioni 12 kwa sharti moja tu: ziende kwenye afya ya wanafunzi. Tumeunda kamati ya kupanga, na kamati imepasuka vipande viwili. Wa kwanza wanataka chumba cha wagonjwa, vitanda vinne, kabati la dawa, kibao mlangoni. Wa pili, nami nimo, tunataka jiko, stoo ya nafaka na chakula cha mchana kwa kila mwanafunzi.

Mtaniuliza ruzuku ya serikali iko wapi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, sekondari hupangiwa shilingi 25,000 za uendeshaji kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Inayofika inaishia kwenye chaki, karatasi za mitihani na vitasa. Chakula kimeachwa kwa wazazi, kwa makubaliano.

Msimamo wangu: mtoto anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na chai ya rangi, anatembea kilomita saba, anarudi saa kumi jioni hajala. Huyo ukimjengea chumba cha wagonjwa umemjengea mahali pa kulala njaa. Nipingeni.

Mwalimu wa Zamu

Nakuunga mkono kwa asilimia zote. Njooni mfundishe kipindi cha saba na cha nane. Uandike ubaoni, ugeuke, nusu ya darasa wamelaza vichwa. Wiki nikiwa zamu huwa nabeba sukari na chumvi mfukoni, kwa sababu mstarini Jumatatu lazima aanguke mmoja au wawili. Tunawapeleka zahanati, wanapimwa malaria, hawana. Daktari anauliza, umekula nini? Kimya.

Nesi Mstaafu

Mjumbe, umesema tukupinge, basi mimi nakupinga kwa heshima zote.

Mnazungumza kana kwamba ugonjwa wa shuleni ni njaa peke yake. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi wenye selimundu duniani, ule ugonjwa wa damu wa kurithi unaoleta maumivu makali. Katika watoto 480 nina hakika mnao, na mwalimu akimwona amejikunja kwa maumivu anadhani anakwepa mtihani. Mnao wenye pumu. Mnao wenye kifafa ambao wenzao wanawakimbia. Na hao wasichana wa hosteli, yupo anayemeza ARV, dawa za VVU, huyo anahitaji mahali pa kumezea bila macho ya watu. Leo anafanyaje? Anakwenda nazo chooni.

Halafu mwalimu ametaja kuanguka. Wanaoanguka si wote wenye njaa. Wasichana wakianza kupiga mayowe kundi zima kipindi cha mitihani mnasema mapepo, mnaita watu wa maombi, shule inafungwa siku tatu. Jambo hili ni la zamani. Januari 1962, shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, watatu walianza kucheka wasiweze kuacha. Kabla shule haijafungwa mwezi Machi walikuwa wameshikwa 95 kati ya 159. Hakuna mdudu aliyepatikana kwenye damu wala kwenye chakula. Watafiti walihusisha na msongo wa mawazo. Jiko lako lingewasaidia nini hao?

Mwalimu wa Zamu

Dada nesi, hoja ya Kashasha nimeipokea. Ila mwalimu wa ushauri nasaha tunaye, na mwenyewe ana vipindi 28 kwa wiki vya Hisabati. Mtoto akitaka kumweleza yanayomsibu nyumbani anamwelezea ofisini, meza ya pembeni anasahihisha mwalimu mwingine, masikio yamesimama kama ya sungura. Anachokosa ni mlango unaofungwa. Vitanda vinne havimsaidii kitu.

Mama Mihogo

Mimi nauza mihogo ya kukaanga na kachumbari nje ya uzio wa shule, siyo yenu, nyingine, lakini zote zinafanana. Niwaambie ninayoyaona. Mia mbili anazonipa mtoto ndizo zote alizonazo. Wapo wanaonunua kipande kimoja wakagawana watatu. Yupo anayekuja kusimama tu pembeni ya karai, hanunui, hasemi. Huyo namkatia.

Mkijenga jiko mimi biashara imekufa, najua. Bado nasema jengeni. Ila mnipe kazi ya kupika.

Kidato cha Nne 2019

Shikamoni wakubwa. Mbona hakuna aliyetaja choo?

Mimi nilisoma kata, nikamaliza 2019. Miaka minne sikunywa maji shuleni. Si kwamba hayakuwepo, yalikuwepo ya kisima, ila ukinywa utakwenda choo, na choo chetu kilikuwa hakina mlango, wavulana wanapita nyuma yake kwenda uwanjani. Wasichana tulikuwa tunajibana tangu saa moja hadi saa tisa. Wengi tuliugua UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, tukiwa hatujajua hata jina lake.

Siku za hedhi nilikuwa sendi. Siku nne kila mwezi, ukihesabu mwaka ni wiki ngapi? Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, mwaka uliofuata ikairudisha, sababu ikiwa bei madukani haikushuka. Kwa hiyo kwetu kijijini tuliendelea na vitambaa kama kawaida. Mkinipa hizo milioni 12, nitaanza na choo chenye mlango, komeo, maji, na chumba kidogo cha kujistiri chenye ndoo ya taka. Makande yenu baadaye.

Mjumbe wa Bodi

Mdogo wangu, marahaba. Umenipiga pabaya. Mwongozo unasema tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Tuna wasichana wapatao 240, tunahitaji matundu 12, yapo 6, na mawili yamejaa. Kwenye rasimu ya kamati choo kimeandikwa kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya neno "mengineyo". Mimi mwenyewe niliisaini.

Babu Hesabu

Mnaongea vizuri lakini hamjapiga hesabu. Nimeketi na kalamu.

Mwaka wa shule una siku 194. Mpe mtoto gramu 150 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa siku, makande ya kushiba kiasi. Kwa mwaka ni kilo 29 za mahindi na karibu kilo 8 za maharage. Hiyo ni kama debe mbili na kidogo. Si mlima. Kwangu wanasoma wawili, nitatoa.

Ila nina swali ambalo mnalikwepa wote. Jirani yangu hatatoa. Ana ng'ombe, lakini hatatoa, atasema elimu ni bure Rais alishasema. Mtoto wake atakula mahindi yangu? Asiyechanga asile. Tukianza huruma, mwaka wa pili hachangi mtu.

Mwalimu wa Zamu

Babu, shikamoo. Hilo tulishalijaribu kwenye shule niliyokuwa kabla ya hii. Waliochanga walipanga foleni na sahani, wasiochanga waliambiwa wabaki darasani "wajisomee". Unajua kilichotokea? Hawakubaki darasani. Waliondoka, na wengine hawakurudi. Wale waliokuwa wanakula wakawa wanaficha makande kwenye mifuko ya sketi wawapelekee wenzao. Mimi niliyesimamia foleni ile siku hizi sipendi kuikumbuka.

Na serikali imekwisha kusema mara nyingi kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Ukimnyima chakula mbele ya wenzake umemrudisha nyumbani kwa njia ya uani.

Jirani wa Namanga

Hamjambo ndugu zangu. Naongea kutoka upande wa Kenya, na ninawaomba msikimbilie jiko kabla ya kufikiria stoo. Mwaka 2023 kule shule ya wasichana ya Mukumu, Kakamega, wanafunzi waliugua kwa mamia kutokana na chakula na maji machafu, na wengine walikufa. Shule ikafungwa. Kulisha watu mia tano kwa sufuria moja ni jambo zito kuliko kupika nyumbani mara mia.

Chumba cha wagonjwa nacho nakiheshimu, lakini chahitaji mtu wa kukilipia kila mwaka. Sisi tulikuwa na EduAfya, bima ya wanafunzi wa sekondari za umma kupitia NHIF, mfuko wa bima ya afya wa Kenya wakati huo, kuanzia 2018. Mtoto akiugua anatibiwa, mzazi hatoi kitu. Mwisho wa 2023 ikakoma, na shule zikabaki zinatafuta gari la kumpeleka mtoto hospitalini kwa pesa ya nani.

Nesi Mstaafu

Jirani amenisaidia bila kukusudia, na amenipunguzia pia. Kweli, nimeona vyumba vya wagonjwa vilivyogeuka stoo ya madawati mabovu mwaka wa pili tu. Kabati lina panadol zilizoisha muda na mkasi. Nakiri.

Kwa stoo, Dodoma mnajua wenyewe: mwaka 2016 watu walikufa hapo na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu, kwenye mahindi. Ukikusanya debe mbili mbili kwa watoto 480, mengine yatakuja mabichi. Msipokee kwa macho. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mrudishie mwenyewe akaanike tena. Magunia yakae juu ya mbao, si sakafuni.

Halafu kuni. Serikali inazitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Bei ya jiko la gesi imo kwenye milioni 12 zenu?

Mjumbe wa Bodi

Haimo. Naandika.

Nimerudi na daftari, nimkabili Babu. Tuseme watoto 60 kweli kwao hakuna, na familia zao kijiji kinazijua, nyingi zimo tayari kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Watoto 60 mara kilo 29 ni kilo 1,740, kama gunia 17 na nusu. Gawanya kwa watoto 420 waliobaki: kilo 4 na kidogo kila mmoja. Babu, kwa wale wako wawili ni kilo nane za nyongeza kwa mwaka mzima. Jina la asiye nacho alijue mtendaji na mkuu wa shule tu, na foleni iwe moja. Mwenye ng'ombe asiyetaka kutoa, huyo ashughulikiwe na serikali ya kijiji. Mtoto wake ale.

Na kosa letu jingine: tunadai mahindi Januari, shule zikifunguliwa. Dodoma mvua ni moja, mavuno ni Mei na Juni. Januari ghala la mkulima lina vumbi. Tudai Juni na Julai, na atakayeleta mtama au uwele apokelewe, kwa sababu huku mahindi yenyewe hukauka yakiwa shambani. Uji wa uwele hakuna mtoto wa Kigogo atakayeukataa.

Jumamosi napeleka hivi: fedha za kwanza zikatengeneze matundu ya choo cha wasichana, milango na tangi la maji. Kisha stoo na jiko la gesi. Chumba cha wagonjwa nakipinga bado, lakini stoo ya mipira ina mlango mzuri na dirisha. Mipira ihamie kwa mwalimu wa michezo, mle aingie mwalimu wa ushauri nasaha na kitanda kimoja. Kamati itanipigia kelele, najua.

Nesi Mstaafu

Kitanda kimoja na kabati lenye kufuli. Ufunguo asikae nao mkuu wa shule.

Kidato cha Nne 2019

Komeo liwe la ndani, kaka. Kule kwetu waliweka la nje.

Babu Hesabu

Kilo nane. Nimeandika. Ila hiyo chupa ya chumvi niishike mimi siku ya kupokea, na mahindi ya jirani yangu niyatikise kwa mkono wangu.