Wamempigia mama mkwe wangu! Hawa jamaa wa mikopo ya simu wamelelewa wapi?

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira.

Mnawajua. Sina haja ya kutaja jina, maana hakuna mwenye simu janja nchi hii ambaye hajakutana na tangazo lao: yule dada anayecheka mpaka jino la mwisho, kashika noti, "pata mkopo ndani ya dakika tano bila dhamana." Hao hao. Leo asubuhi wamempigia mama mkwe wangu.

Nasema MAMA MKWE. Yuko Muheza kwake, kule Tanga, anapalilia mihogo yake, hana habari na mtu. Mimi mwenyewe nikimpigia simu mama yule nasimama wima na kofia navua. Sasa kijana wa hao jamaa, sauti ya mtoto aliyeanza kuota ndevu juzi, kapiga, hata shikamoo hakutoa, kaanza: "Wewe ndiye mdhamini wa huyu tapeli? Mwambie alipe kabla ya saa sita mchana, la sivyo picha yake tunairusha mitandaoni."

Hata shikamoo hakutoa!

Deni lenyewe sasa. Niliomba 60,000. Kwenye simu ikaingia 41,000. Iliyobaki wameikata juu kwa juu wanaita ada ya huduma, hela sijaishika wala kuinusa. Kwenye maelezo yao wameandika marejesho ni siku 91 mpaka 180. Hela ilipoingia ndipo ikatokea tarehe ya kulipa: wiki moja. Na wanataka 60,000 yote pamoja na riba juu yake. Sawa, nikasema nitalipa. Hiyo wiki yenyewe bado haijaisha! Tarehe ya deni haijafika, mama mkwe kashapigiwa simu na kuitwa mdhamini wa tapeli.

Mdhamini kwa karatasi gani? Mama ana kitochi. Hajui programu ya simu ni mnyama gani. Mimi namba yake sikuiandika popote kwao, wameikomba kwenye simu yangu pamoja na namba za watu wote ninaowajua duniani, mpaka fundi bomba.

Matokeo yake, mama kampigia binti yake analia, kwamba nyumba inapigwa mnada. Nasikia mbuzi wake wameshahamishiwa kwa shangazi wasije wakakamatwa. Mke wangu kanipigia nikiwa kazini, na yeye hakusalimia. Swali moja tu: "Umemwandikisha mama yangu udhamini wa nini?" Ofisi nzima imesikia.

Kama wana shida na mimi, namba yangu wanayo. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, wanayo. Picha ya uso walinipiga wenyewe, geuka kushoto, geuka kulia, fumba macho, nikawa kama kuku anayesikiliza mwewe. Kwa nini wasinipigie mimi? Kwa nini mama mkwe? Na kwa nini bila shikamoo?

Kitunguu Maji: Pole sana mkuu. Una bahati wewe kapigiwa mtu mmoja. Mimi walifungua grupu la WhatsApp, wakaliita TUMTAFUTE MWIZI, picha ya grupu ni sura yangu, wakamwingiza mwalimu wa kwaya, mwenye nyumba, na mtu aliyeniuzia pikipiki zamani nikasahau hata jina lake. Mwenye nyumba akaandika humo humo, "Kwani hata kodi yangu unayo?"

Bwana Marejesho: Lipa deni kijana. Siku unabonyeza "Nakubali" ulidhani unakubali nini, posa?

Mleta uzi: @Bwana Marejesho soma uzi kwanza. TAREHE HAIJAFIKA. Na hata ingefika, mama mkwe anaingiaje? Mama ambaye hata mimi na hasira zangu zote siwezi kumkatizia maneno, mtoto wa jana anamwambia "wewe" kwenye simu!

Fundi wa Mtaa wa Aggrey: Mkuu, hiyo programu uliipakua wapi? Kwenye duka la Google au ulibonyeza kiungo kwenye tangazo?

Mleta uzi: Kiungo cha kwenye tangazo. Kwa nini?

Fundi wa Mtaa wa Aggrey: Ndiyo njia yao. Google walishaweka sharti kwamba programu ya mikopo isidai malipo yote ndani ya siku 60, ndiyo maana zote zinaandika siku 91 kwenye maelezo, ni geresha ya kupitia mlangoni. Halafu kuanzia Mei 31, 2023 wakazikataza programu za mikopo kugusa orodha ya majina na picha kwenye simu ya mtu. Basi wajanja wakahamia kwenye viungo, unashusha faili moja kwa moja nje ya duka, huko hakuna anayewakagua. Ikiingia tu inaomba ruhusa ya majina, ya meseji, ya picha, ya kujua ulipo. Wateja wanaletwa kwangu kila wiki simu zimejaa vitu hivi. Ukiifuta leo, majina walishayanyonya siku ya kwanza.

Ngoja Waje: Nimekaa pembeni hapa na karanga zangu.

Wakili wa Kijiweni: Mleta mada, usilie, nenda ukashtaki. Benki Kuu ilitoa mwongozo Agosti 2024 kwa wakopeshaji wa kidijitali wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana za watu, halafu Novemba mwaka huo huo ikatoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Kuchukua namba ya mama wa watu bila ridhaa yake na kumtisha ni kosa. Mwenye haki ya kulalamika hapo si wewe peke yako, na mama mkwe mwenyewe anayo.

Mleta uzi: Yaani nimwambie mama mkwe apande basi kuja Dar kuandika malalamiko? Huyo anayeficha mbuzi?

Dada wa Majohe: Orodha ya 69 mimi niliisoma yote. Walionidhalilisha walikuwemo, nikafurahi sana siku hiyo. Haikupita muda wakanitumia meseji kwa jina jipya, maneno yale yale, mpaka kosa la herufi ni lile lile! Wanafungiwa jina, watu wanabaki. Ofisi yao hakuna anayeijua ilipo, ukiuliza unaambiwa Dar es Salaam, utadhani Dar ni nyumba moja.

Mwana wa Kisauni: Ndugu zetu wa huko, poleni. Sisi Kenya haya tumeyapitia zamani. Mkopo wa simu tuliuzoea tangu M-Shwari ya 2012, baadaye zikaja hizi programu za kuaibisha watu, zinapigia mpaka wazazi wa mpenzi uliyeachana naye. Sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa 2021, mwaka uliofuata wakalazimishwa kuomba leseni. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data akaipiga kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa mambo haya haya, kutumia namba za watu wengine kutuma vitisho. Za Kenya hizo, msizidharau.

Msambaa Halisi: @Mwana wa Kisauni na baada ya faini wameacha?

Mwana wa Kisauni: Wamepunguza. Sasa wanasalimia kwanza.

Mleta uzi: UMEONA! Hata huko wanasalimia! Wa kwetu hata shikamoo hakutoa!

Bwana Marejesho: Kwa hiyo wangemwamkia mama, halafu wakamwita mdhamini wa tapeli, ungelala usingizi?

Mleta uzi: Ningejua angalau wana mama zao! Mtu anayempigia mwanamke wa umri ule bila shikamoo huyo hata Mungu hamwogopi, sembuse Benki Kuu.

Msomaji wa Usiku: Msidhani nyuma ya hivi vitu kuna vijana wawili tu na kompyuta chumbani. Januari 2020 Hindenburg Research, kampuni ya Marekani ya kuchunguza makampuni ya kwenye soko la hisa, ilitoa ripoti juu ya Opera, wale wa kivinjari tulichokuwa tunatumia kwenye simu za batani. Walidai Opera ilikuwa na programu za mikopo Kenya, Nigeria na India zenye riba kubwa mno na muda mfupi kuliko ulioandikwa dukani. Opera wakajibu kwamba ripoti imejaa makosa. Amini upande unaoutaka, lakini kampuni yenyewe imeandikishwa kwenye soko la hisa la Nasdaq. Anayempigia mama yetu kule Muheza ni wa mwisho kwenye mnyororo, analipwa kwa anachokusanya. Wenye hela hata Tanga hawajui iko wapi.

Kitunguu Maji: Huyo wa mwisho kwenye mnyororo ndiye ninayemtaka mimi. Nasdaq sina nauli.

Jini Kabula wa Mbagala: Nyie angalau mnapigiwa na binadamu. Mimi bando langu la wiki limeisha usiku nikiwa nimelala, asubuhi napiga huduma kwa wateja, napokelewa na roboti. "Kwa Kiswahili bonyeza moja." Nabonyeza. "Kwa vifurushi bonyeza mbili." Nabonyeza. Ananisomea vifurushi vipya! Nataka kujua cha kwangu kimeliwa na nani, ananiuzia kingine!

Mama Tunu: @Jini Kabula wa Mbagala ni mtandao ule ule ninaoufikiria?

Jini Kabula wa Mbagala: Ule ule. Na Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, nchi nzima tukakaa bila intaneti ya maana, bando langu halikuongezwa hata saa moja. Samaki kakata waya, hasara kwangu.

Msambaa Halisi: Sio samaki wewe.

Jini Kabula wa Mbagala: Hata angekuwa nyangumi, bando langu liko wapi?

Mleta uzi: Wakuu turudini kwenye mada. Mama mkwe hapokei simu yangu mpaka sasa hivi.

Dereva Usiku Mwema: Mnaongea bando, njooni kwetu sisi wa taksi za kuitia kwenye simu. Abiria anaona bei, kampuni inaona kamisheni, mimi naona mafuta tu. LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, walipobana kamisheni isizidi asilimia 15, Uber wakasitisha huduma Aprili 2022. Ikapandishwa mpaka 25, wakarudi mwanzoni mwa 2023. Sasa niambieni, kati yangu na wao nani anaendesha gari?

Mama Tunu: Ninyi madereva nanyi mna yenu. Mmoja kanipigia, "Dada unaenda wapi, unalipa taslimu au kwa simu?" nikamjibu kwa simu, akakata na safari akafuta. Mvua inanyesha, nina mtoto mgongoni.

Dereva Usiku Mwema: Dada, hela ya simu inakaa kwa kampuni mpaka wajisikie kunipa. Pampu haisubiri.

Mama Tunu: Kwa hiyo mtoto wangu aloane?

Kitunguu Maji: Hapo dereva kakosea, lakini hata mimi ningefuta.

Mama Tunu: @Kitunguu Maji wewe nyamaza, hata kodi hujalipa.

Jini Kabula wa Mbagala: Samahani kuingilia, kuna anayejua mtandao gani bando la usiku haliibiwi huku Mbagala Rangi Tatu? Nina mtoto anafanya mitihani.

Dereva Usiku Mwema: Rangi Tatu hapo mnara uko karibu na stendi, weka laini yoyote. Ila usijiunge saa za jioni.

Mama Tunu: Jioni ndiyo wanakula kabisa.