Naomba ushauri: mfamasia wangu hataki kuuza P2

Habari zenu wakuu. Nina duka la dawa huku wilayani, ndilo pekee linalobaki wazi mpaka saa nne usiku. Mfamasia niliyemwajiri ni mchapakazi, mahesabu yake hayana longolongo, ila ni Mkatoliki kwelikweli na dawa za uzazi wa mpango hagusi. Si P2, yaani kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, si vidonge vya kila siku. Kondomu zenyewe anauza huku amenuna.

Dini yake naiheshimu. Shida ni kwamba P2 inatakiwa imezwe ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kadiri mtu anavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Zahanati ya serikali inatoa uzazi wa mpango bure, sawa, lakini Jumamosi usiku nani atakufungulia? Juzi dada mmoja kaambiwa "hatuna" na boksi liko kwenye shelfu nyuma yake. Hapo ndipo iliponiuma. Angemwambia ukweli, akawahi kwingine.

Kumwongezea msaidizi biashara haibebi. Nimwekee sharti kwenye mkataba, au nitaonekana namnyanyasa kwa imani yake? Wenye maduka, nyie mlimalizaje hili? Akinijibu na mfamasia mwenye imani kama yake nitashukuru zaidi.