Tangi la futi 6, maji ya bore, Donholm: samaki gani wataishi pamoja bila kuuana?

Kioo_Donholm
Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Fundi amemaliza tangi la kioo cha milimita 12: urefu sentimita 180, upana 60, kimo 60. Litakaa sebuleni, nyumba ya chini. Nina hita moja ya wati 300 na filta moja ya kanista (kopo linalokaa nje ya tangi) iliyoandikwa lita 1,500 kwa saa. Maji ya ploti ni ya bore, yaani kisima kirefu cha kuchimbwa. Ya kanjo, yaani ya bomba la jiji, huja siku mbili kwa wiki.

Orodha yangu ya dukani: oska 2, malaika 6, neoni 20, samaki dhahabu 4, mbuna (samaki wa miamba ya Ziwa Malawi) wa rangi mchanganyiko 10, pleko 2 wa kulamba vioo. Muuzaji anasema tangi kubwa linabeba wote, na wakikua pamoja huzoeana. Ni kweli?

Mama_Fulu
Si kweli, ndugu yangu. Oska hufika sentimita 30. Neoni mzima ana 3 au 4, kwa hiyo hapo hujanunua samaki 20, umenunua chakula cha jioni. Malaika naye akikomaa hummeza neoni vilevile, polepole tu. Samaki dhahabu anataka nyuzi 18 hadi 22 wakati hao wengine wanataka 24 hadi 27, na uchafu wake ni mwingi mno. Pleko wa kawaida huyu wa madoa hufika sentimita 40, na akishakua huwa na tabia ya kung'ang'ania ubavu wa samaki wapana usiku na kuwalamba ute.

Kuzoeana hakupo. Vifaranga wa sentimita 4 hawagombani kwa sababu hawajapevuka. Miezi minane baadaye kila dume anadai kona yake, na hapo ndipo watu huanza kuuliza samaki wamekufaje usiku mmoja.

Kabla hatujasema samaki, pima maji. Vipimo vya matone, si vile vya karatasi. Tunataka pH (asidi au alkali), KH (bikaboneti) na GH (ugumu wa maji). Na maji ya bore usiyapime yakitoka bombani: yanakuja na kaboni dioksidi ya ardhini inayoshusha pH kwa uongo. Weka ndoo moja yenye jiwe la hewa kwa saa 24, kisha pima.

Kioo_Donholm
Asante dada. Nimepima. Bombani pH ilikuwa 7.6, baada ya saa 24 ikawa 8.3. KH 14, GH 3. Mbona KH iko juu na GH iko chini? Nilidhani hupanda pamoja.

Mkemia_wa_Bomba
Huo ndio uso wa bore nyingi za Nairobi. Maji yamepita kwenye miamba ya volkano, yakabeba bikaboneti ya sodiamu badala ya kalisi. KH inahesabu bikaboneti, GH inahesabu kalisi na magnesi. Ndiyo sababu sabuni inatoa povu vizuri ingawa maji yenyewe ni ya alkali. Maji ya kanjo ni kinyume: yanatoka Ndakaini na Sasumua, ni maji ya mvua na mito ya Aberdare, laini pande zote mbili, ila yana klorini.

Kwa pH 8.3, neoni na malaika wasahau. Na kuna jambo wengi hawalijui: amonia ileile ina sumu kali zaidi pH ikipanda. Kwenye nyuzi 25, pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 0.6 ya amonia yote. Kwenye pH 8.3 ni kama asilimia 10. Kosa la filta ambalo tangi la maji laini lingelivumilia siku tatu, lako litaua kwa usiku mmoja.

Mama_Fulu
Basi jibu limejiandika. Usipigane na bore, chagua samaki ambao hayo ndiyo maji ya kwao. Ziwa Malawi lina pH ya 7.7 hadi 8.6 hivi. Mbuna, lakini si hao wa "rangi mchanganyiko". Mchanganyiko maana yake ni machotara, au kuna auratus ndani: kale kadogo ka njano kenye mistari myeusi, kanavutia kuliko wote dukani. Dume lake likikomaa hugeuka jeusi na kushika nusu ya tangi.

Kwa futi 6 ningeweka hawa:

Labidochromis caeruleus, wa njano, 10
Pseudotropheus acei, wa zambarau na mkia wa njano, 10
Iodotropheus sprengerae, wa rangi ya kutu, 8
Chindongo socolofi, bluu isiyokoza, 8

Jumla 36. Ni wengi, na ni makusudi. Ukiweka mbuna 12 kwenye tangi hili, dume kubwa litachagua mmoja na kumwandama mpaka afe. Wakiwa 36 hasira inagawanyika. Acei huelea juu na katikati, wengine wanashinda kwenye mawe, kwa hiyo hawabanani. Kila aina lenga dume moja kwa majike matatu au zaidi. Wakiwa wadogo hutajua jinsia, ndiyo maana unanunua 8 au 10 na kupunguza madume baadaye.

Usiongeze estherae, yule mwekundu. Atazaa na hao wa njano na utabaki na vifaranga wasio na jina.

Wote waingie siku moja, wakiwa na sentimita 4 au 5. Anayeingia mwezi baadaye anaingia nyumba ya watu.

Tetra_Langata
Mimi sikubaliani kwamba jibu ni moja. Anapata maji ya kanjo siku mbili kwa wiki. Pipa mbili za lita 210 zinatosha kukinga maji ya kubadilisha. Anaweza kuweka malaika 6, tetra wakubwa kidogo kama kongo 15, koridora (kambare wadogo wa chini) 12 na ansistrus 2, yule pleko mdogo asiyezidi sentimita 15. Tangi tulivu, mimea hai, hakuna ugomvi. Mbuna ni vita vya kila siku hata ukiwapanga vipi.

Mama_Fulu
Tetra, orodha yako ni nzuri, siipingi. Shida ni mgao. Kanjo ikikosa wiki tatu atafanya nini? Ataongeza ya bore, na koridora watatoka KH 2 wakaingia KH 14 kwa siku moja. Samaki huvumilia maji yasiyo yao kuliko maji yanayobadilika ovyo.

Tetra_Langata
Hapo kwenye mgao umenishika. Basi angalau achanganye.

Mkemia_wa_Bomba
Kuchanganya ni sawa kwa mbuna: nusu bore nusu kanjo itashusha KH mpaka kama 8, na itapunguza floraidi ambayo bore nyingi za hapa zinayo kwa wingi. Lakini wiki zote ziwe na kipimo kilekile. Kama huwezi kuhakikisha hilo, tumia bore tupu.

Kwa bore tupu, GH 3 ni ndogo kidogo. Ipandishe mpaka 6 kwa chumvi ya Epsom. Tangi lako ni lita 648 kwa hesabu ya kioo, lakini ukiacha sentimita 5 juu na kutoa nafasi ya mchanga na mawe unabaki na kama 540. Gramu 70 mara ya kwanza, kisha gramu 28 kwa kila pipa la lita 210 unalobadilisha. Iyeyushe kwenye ndoo kwanza.

Wengine watakwambia uweke vipande vya matumbawe kutoka Pwani ndani ya filta. Kwa maji yako havitayeyuka, pH tayari iko juu. Vitakaa tu kama mapambo.

Ya kanjo, dawa ya klorini ni thiosulfeti ya sodiamu. Yeyusha gramu 100 kwenye lita moja ya maji safi. Mililita 20 za hiyo zinatosha pipa zima.

Kioo_Donholm
Hapo kwenye KH, kama nitachanganya na ya kanjo na ishuke sana, naweza kutumia magadi ya dukani? Ni rahisi kupata.

Mkemia_wa_Bomba
Hapana! Magadi si bekingi soda. Magadi yana kaboneti pamoja na bikaboneti, na pH itaruka ghafla. Wapo samaki wanaoishi Ziwa Magadi kwenye pH ya karibu 10, Alcolapia grahami, lakini wao hutoa uchafu wao kama urea kwa sababu amonia haitoki mwilini kwenye maji ya namna hiyo. Mbuna hana ujanja huo.

Ukihitaji kupandisha KH tumia bekingi soda (si bekingi pauda): gramu 3 kwa lita 100 hupandisha nyuzi 1. Usizidishe nyuzi 2 kwa siku.

Fundi_Kanista
Nimesoma yote. Samaki mmemaliza, vifaa hamjagusa, na hapo ndipo tangi hili litaanguka.

Filta moja haitoshi. Ile lita 1,500 kwenye boksi hupimwa bila sponji ndani. Ukijaza vichujio na bomba kupanda mita moja na nusu, toa theluthi nzima. Mbuna 36 wanahitaji maji yote yapite kwenye filta mara 5 au 6 kwa saa, yaani lita 3,000 halisi. Ongeza kanista mbili za ukubwa huohuo, au moja kubwa zaidi. Zikiwa zaidi ya moja una faida nyingine: unaosha moja leo, nyingine baada ya wiki mbili, bakteria hawapotei wote. Sponji osha kwa maji yaliyotoka tangini, usitumie ya bomba la kanjo.

Hita ziwe mbili za wati 300, moja kila upande. Julai sebule ya Nairobi usiku inashuka mpaka nyuzi 17 au 18. Zote ziweke 25. Moja ikifa nyingine inashikilia. Moja ikiganda ikiwa imewaka, wati 300 peke yake haitachemsha lita 540 kabla hujagundua. Bandika styrofoam ya milimita 25 nyuma na chini ya tangi, stima inapungua.

Hewa. Nairobi iko juu, kama mita 1,700, na maji ya hapa hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa kwenye joto lilelile. Mdomo wa filta uelekee juu maji yachafuke usoni, na uwe na pampu ya hewa ya betri inayowaka yenyewe stima ikipotea. Stima ikikaa zaidi ya saa mbili au tatu, usiwashe kanista hivihivi ikirudi. Ifungue, mwaga maji yake, suuza, ndiyo uwashe. Yale maji ya ndani yameoza, na ukiyasukuma tangini ni sumu.

Mawe yakae kwenye kioo cha chini juu ya kipande chembamba cha styrofoam, KABLA ya mchanga. Mbuna huchimba, jiwe lililokaa juu ya mchanga litaporomoka na kupasua kioo. Yapange mpaka theluthi mbili ya kimo, mapango mengi yenye milango miwili. Mchanga wa mto wa kawaida unafaa, sentimita 4, kama kilo 65, uoshe mpaka maji yatoke meupe.

Yote pamoja ni zaidi ya kilo 800. Stendi ya chuma cha mraba yenye miguu sita, ipimwe kwa pima maji.

Kioo_Donholm
Mkubwa, asante sana. Nikishajaza maji samaki waingie baada ya siku ngapi?

Fundi_Kanista
Usihesabu siku, hesabu vipimo. Weka kloridi ya amonia gramu 3.2 ili kulisha bakteria wa filta wanaosafisha maji, itakupa karibu miligramu 2 za amonia kwa lita. Washa filta na hita, ziweke 27 kwa muda huo. Amonia itashuka, nitriti itapanda, halafu nayo itashuka. Amonia ikiisha, rudisha gramu 3.2. Siku utakapoweka kipimo hicho na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote ni sifuri, tangi liko tayari. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Ukipata sponji chafu kutoka tangi la mtu unayemwamini, ikamue ndani ya filta na utapunguza wiki kadhaa. Badilisha maji mengi siku moja kabla ya samaki, nitrati ishuke.

Baadaye ni pipa moja kila wiki, na nitrati isivuke miligramu 40 kwa lita.

Juja_Samaki
Na chakula? Niliona watu wakiwapa omena ya kusaga, ni bei nafuu.

Mama_Fulu
Omena mpe oska. Mbuna hukwangua mwani kwenye mawe, utumbo wao ni mrefu. Protini nyingi ya nyama huwaletea uvimbe wa tumbo: anaacha kula, anajificha, kinyesi kinakuwa cheupe kama uzi, na akishavimba kabisa ni nadra apone. Punje za spirulina (mwani uliokaushwa) mara mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza kwa dakika moja. Mara moja kwa wiki minji iliyochemshwa na kumenywa. Siku moja bila chakula.

Kioo_Donholm
Sawa. La mwisho: kuna jirani ana fulu (samaki wadogo wa Ziwa Victoria) aliowatoa Kisumu. Nikimpa nafasi, wanakaa na mbuna?

Mama_Fulu
Maji wataelewana, tabia hapana. Fulu wengi ni wadogo na wapole kuliko mbuna, watasukumwa pembeni na rangi zao hazitatokea kamwe. Fulu wanastahili tangi lao, na aina ziwe chache zisizofanana. Mfano Pundamilia nyererei, madume hupigana zaidi na yule aliyevaa rangi kama yao. Kama jirani hajui ni aina gani, usiwachukue.

Kwa nafasi ya chini chukua Synodontis multipunctatus 5, kambare wa Tanganyika. Anatembea usiku, hagombani na mbuna, maji yenu ni yake. Jua tu kwamba hutaga mayai yake katikati ya mbuna wanapotaga, jike la mbuna huyabeba mdomoni akidhani ni yake, na kitoto cha kambare kikianguliwa humo ndani huwala wale wa mwenye mdomo.

Juja_Samaki
Eh! Huyo ni mpangaji wa aina gani?

Kioo_Donholm
Nimemchukua. Nafuta orodha ya kwanza, natafuta kanista mbili kwanza.