Naomba ushauri: kiuagugu na dawa ya viwavijeshi kwenye mahindi

Wakuu, mahindi yangu yana majani matano na nyasi zimeyabana kwelikweli. Nataka kupiga kiuagugu kiitwacho nikosulfuroni. Ninavyoelewa, dawa hii huzuia kimeng'enya cha ALS, ambacho mmea hukitumia kutengeneza valini, leusini na isoleusini (asidi amino, yaani vijenzi vya protini). Gugu likizikosa haliwezi kuunda protini: linadumaa, majani machanga ya katikati yanageuka manjano, kisha linakufa taratibu kwa wiki kadhaa. (Kwa hiyo anayekagua shamba kesho yake na kusema dawa ni feki ana haraka tu.) Hindi nalo lina kimeng'enya hichohicho, ila huivunjavunja dawa kabla haijaleta madhara.

Sasa viwavijeshi nao wameingia, na dawa niliyonayo ni ya jamii ya oganofosfeti. Hizi zinajulikana kuzuia hindi lisiivunje nikosulfuroni, kwa hiyo kuchanganya kwenye bomba moja sithubutu. Je, nitenganishe kwa siku ngapi, au ninunue kiuadudu cha jamii nyingine? Na kwa waliowahi kupiga jua likiwa kali na udongo mkavu, mahindi yalistahimili?