Tango: uchungu wa kweli, au mwanamke anabebeshwa lawama tu?

Msikilizaji wa Usiku: Wadau, nina dukuduku kuhusu tango, muziki wa Argentina. Tangu mwimbaji Carlos Gardel aimbe "Mi noche triste" mwaka 1917, maneno ya Pascual Contursi, tango ya kuimbwa imekuwa ya mwanaume aliyeachwa. Kwenye wimbo huo gitaa limetundikwa kabatini, hata taa ya chumba inagoma kumwangazia. Naupenda muziki huu, ila mzigo wote anatwishwa mwanamke. Yeye ndiye msaliti, yeye ndiye kaharibu maisha ya watu. Ananyimwa hata nafasi ya kujibu! Halafu mwanaume mzima unaliliaje taa?

Mama Bandoneoni: Ulikuwa unaongea vizuri mpaka ulipofika kwenye taa. Yule jamaa wa kwenye wimbo bado anapeleka nyumbani biskuti za kunywea yerba, chai ya majani ya kwao, kama vile mwenzake yupo. Umewahi kumpakulia chakula mtu ambaye harudi? Mimi nimepakua miezi mitatu. Taa iache.

Fundi Kinanda: Turudi kwenye mada. Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, wakati ule ilijaa wahamiaji, Waitaliano na Wahispania, wengi wao wanaume waliotangulia peke yao, wamesongamana kwenye vyumba vya kupanga. Upweke ule Contursi akautungia muziki na maneno.

Bi Milonga: Maneno tu. Muziki ni wa Samuel Castriota, ulikuwepo kabla. Na kuhusu mwanamke kujibu: mwimbaji wa kike wa tango, Azucena Maizani, alipanda jukwaani kavaa nguo za kiume, na wimbo "Pero yo sé" (Lakini mimi najua) kautunga mwenyewe, muziki na maneno. Anamwambia mwanaume mpenda starehe, anayebadilisha wanawake: mimi najua moyoni unaumia. Jibu gani zaidi ya hilo?

Msikilizaji wa Usiku: Mama Bandoneoni, pole, sikukulenga wewe. Ila nimelelewa hivyo. Baba yangu hakutoa chozi hata siku tunamzika mama.

Mama Bandoneoni: Hakulia mbele yako. Usiku ulikuwa unalala naye chumba kimoja?

Fundi Kinanda: Bi Milonga, nimekosea kwa Castriota, nakubali. Lakini usinisahihishe kana kwamba nimeanza kusikiliza tango jana. Nina miaka ishirini na muziki huu.

Bi Milonga: Miaka ishirini na Maizani humtaji! Hapo ndipo ninapoumia. Kila mjadala ni Gardel, Gardel, Gardel.

Fundi Kinanda: Gardel alikufa kwa ajali ya ndege Medellín, Kolombia, mwaka 1935 na watu wanamlilia mpaka leo. Kosa langu ni lipi?

Msikilizaji wa Usiku: Mama Bandoneoni, umenirudisha mbali. Baba alikuwa anaamka usiku wa manane, anajifungia bafuni na kufungulia bomba. Maji yanatoka, yanatoka. Asubuhi ndoo haina kitu.

Bi Milonga: Pole sana, ndugu yangu. Usiku wa leo msikilize Maizani.