Tupeane uzoefu: kabla ya harusi, ni nani ulilazimika kumsamehe?

BintiMikindani
Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Jumapili iliyopita tangazo letu la ndoa lilisomwa kwa mara ya kwanza, yamebaki mawili. Vyeti vipya vya ubatizo tushavichukua (parokia yetu haipokei kilichopita miezi sita) na mafundisho twaendelea nayo. Sasa juzi katekista katupa kazi: kila mmoja aandike jina la mtu ambaye hangependa kumwona kanisani siku hiyo, na kando yake sababu. Mwenzangu aliandika jina moja akakunja karatasi. Yangu ilijaa. Kuna ndugu wa damu humo, kuna na rafiki nilokuwa nikila naye sahani moja.

Nyie mliotangulia, mliingiaje kanisani na mizigo hii? Nani mlimsamehe, nani aliwasamehe? Mahubiri nayapata ya kutosha, nipeni yaliyowakuta.

MwanaKengeleni
Umenigusa penyewe. Mimi ni Mmisheni wa Kisauni, mababu zetu ni wale waliokombolewa utumwani wakawekwa Freretown, huku Kengeleni, na wamisionari wa Kianglikana wa CMS kuanzia 1875. Nilipokwenda kuposa, mjomba wa mke wangu akauliza mbele ya wazee wote: "Huyu kwao ni wapi? Watu wa Kengeleni wana ukoo gani?"

Baba yangu alikuwa kaketi kando yangu, kofia kaiweka magotini. Mimi nilishataka kuinuka niondoke. Yeye akamwamkia yule mjomba kwa heshima zote, akasema: "Wazee wetu walifika hapa hawana ndugu, wakafanyana ndugu kanisani. Huo ndio ukoo ninaouleta kwa binti yenu." Akaendelea na mazungumzo ya mahari kama hakutukanwa. Siku ya harusi akamtengea mjomba kiti cha mbele, tena karibu na chake. Baba aliyamaliza siku ile ile. Mimi nilichukua miaka kumwamkia yule mzee kwa moyo mweupe.

MamaLikoni
Neno hilo linauma, hata kwetu lilisemwa. Mungu amlaze baba yako mahali pema kama ametangulia.

MwanaKengeleni
Yuko hai mama, Jumapili alikuwa ibadani. Asante.

MrabaiHalisi
Kwetu ilikuwa kadzama, pombe ya mnazi ya posa. Mimi nimeokoka, mnazi sigusi, na wazee wa mke wangu ni Wagiriama wa Kaloleni ndani, huko posa bila mnazi haisikizwi. Mchungaji akanambia nikipeleka mnazi nisirudi kwenye kwaya. Baba mkwe naye akasema nisipopeleka nisirudi kwake. Nikakaa katikati, mchumba analia kila nikipiga simu.

Aliyelifungua fundo ni babu yake mke wangu, mzee asiyekwenda kanisa lolote. Aliwaita wazee akawaambia: "Kijana kamwahidi Mungu wake. Mtu anayeshika ahadi ndiye nimtakaye kwa mjukuu wangu. Kadzama natoa mimi, yeye alete soda." Na akatoa, kutoka minazi yake mwenyewe. Wazee wakanywa, mimi nikanywa soda, mahari ikatajwa, tukala. Na huyo ndiye mzee niliyekuwa nikimwombea kila mkesha aokoke, nikimhesabu ndiye kikwazo.

DamuYaKondoo
Bwana asifiwe. Lakini ndugu, hapo ulifungulia mila mlango. Kadzama ni kadzama hata akitoa babu.

MrabaiHalisi
Mila gani iliyonidhuru? Injili iko Rabai tangu mmisionari Krapf, 1846, hatukuanza kuisikia kwa spika za juzi.

DamuYaKondoo
Kutangulia kusikia si kutangulia kuokoka.

MamaLikoni
Jamani, binti wa watu kauliza habari ya kusameheana na nyie ndio kwanza mwaanza.

MamaMtopanga
Nimesoma nikaona hili nilitoe, sijawahi kulisimulia kwa watu.

Mweka hazina wa kamati yetu ya harusi alikuwa rafiki wa mume wangu tangu shule ya Jumapili. Walipata kipaimara siku moja. Michango yote ilipitia simu yake: ya jumuiya, ya wenzake mume wangu bandarini, ya shangazi zangu waliouza mbuzi Voi.

Harusi Jumamosi. Alhamisi niko Mwembe Tayari nasukwa, kichwa kimefika nusu. Mpishi ananipigia: "Dada, sijaona hata shilingi, na mchele sijanunua." Nikadhani amekosea namba. Sijaweka simu chini, mwenye hema na viti naye huyo. Nampigia mweka hazina, mteja hapatikani. Mume wangu akaja mpaka mlangoni pa saluni akasimama hapo, hakuingia. Nilipouona uso wake nikajua. Nikajifunga leso juu ya zile nywele nusu nusu, tukapanda feri na kaka yangu mkubwa mpaka Mtongwe.

Tulimkuta nyuma ya nyumba, kaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu iko mchangani mbele yake. Mkewe hakujua lolote, alitukaribisha chai. Nilitamani aseme mtoto aliugua, ama aliibiwa, nipate pa kushika. Hapana. Alibeti mpira. Alianza na kidogo akitaka "kuongeza mfuko", ikaliwa, akaifukuzia, ikaliwa yote. Alisema hivyo hivyo, hakupamba.

Kaka yangu akamkaba shati. Mume wangu akamtoa mkono taratibu, akamuuliza yule rafiki: "Umekula leo?" Akasema tangu jana. Basi mume wangu akaita ile chai iletwe huku nyuma, akakaa naye chini, akamngoja mpaka amalize mkate. Mimi nimesimama, koo limekauka. Mkate! Watu wangu wako njiani kutoka Voi na yeye anamlisha mkate.

Alipomaliza akamwambia: "Mimi sikushtaki. Lakini usiku huu utakuja mbele ya kamati uyaseme kwa mdomo wako, maana pesa zile ni za watu." Akaja. Akasema mbele ya wote, mama yangu akiwepo. Mwenyekiti alitaka apelekwe kituoni pale pale. Baba yangu alitoka nje, hakurudi mpaka kikao kikaisha.

Tulifunga ndoa Jumamosi ile ile. Ukumbi tuliukosa, keki tuliikosa. Akina mama wa jumuiya walipika mahamri na mbaazi uwanjani mwa kanisa, nasi maharusi tukakalia viti vya plastiki vya darasa la katekisimu. Yeye alikuwepo. Tangu asubuhi yuko nyuma anasugua masufuria, watu wanapita wananong'ona, wengine hawanong'oni, wanasema. Hakuondoka mpaka la mwisho.

Anarudisha mpaka leo, hajamaliza. Kuna mwezi hutuma mia mbili tu. Kila ikiingia mume wangu humwandikia: "Imefika, asante ndugu." Tumemsamehe, na pesa za watu hatumpi tena kushika, hata sadaka ya jumuiya. Baba yangu hajamsamehe na mimi simlazimishi baba. Miezi yote ya mafundisho nilidhani namjua mwanamume ninayeolewa naye. Nilimjua pale Mtongwe.

MamaLikoni
Mkate umeniliza.

KijanaMagongo
Mimi ningepitia kituo cha polisi kabla hata sijafika feri.

MtetezJomvu
Dada, hadithi ni nzito na nakuheshimu, ila niseme. Kukabidhiwa pesa za watu ukazila ni kosa la jinai. Mume wako angeweza kusamehe chake. Za wachangaji hazikuwa zake kusamehe.

MamaMtopanga
Ndiyo maana akapelekwa mbele ya kamati. Wachangaji waliulizwa mmoja mmoja. Shangazi yangu mmoja alitaka chake, na alilipwa kutoka mshahara wa mume wangu. Hatukusamehe kwa mkoba wa mtu mwingine.

MtetezJomvu
Hapo umenijibu.

DamuYaKondoo
1 Wakorintho 6. Paulo anawauliza ndugu wanaoshtakiana mbele ya wasioamini, mbona msikubali kudhulumiwa? Mume wako alisimama kwenye Neno.

KijanaMagongo
Ndiyo maana wenye mikono mirefu wanayapenda makanisa. Wanajua mtanukuu Paulo.

WaTudor
Mimi shida yangu ni nyingine. Kwa nini kumsimamisha mbele ya kamati na mama mkwe? Yusufu alipoona mchumba wake ni mjamzito aliazimu kumwacha kwa siri, maana hakutaka kumwaibisha, na Mathayo anamwita mtu wa haki kwa sababu hiyo. Mngemaliza ndani kwa ndani.

MamaMtopanga
Na wageni tungewaambia chakula kimekwenda wapi? Tungedanganya ndipo tufunge ndoa?

MwalimuMstaafu
Wanangu, naomba niingie. Yusufu alikuwa na jambo lake na Maria, na Maria hakuwa amekosa. Huyu bwana alikuwa na jambo na watu wote waliochanga, hao huwezi kuwaficha habari ya chao.

Someni Mathayo 18 yote, msianzie pale Petro anapouliza asamehe mara ngapi. Kabla ya saba mara sabini kuna kumwendea ndugu yako mkiwa wawili peke yenu, kisha ukachukua mmoja au wawili, kisha kanisa. Mume wa dada alifuata njia ile ile, alianzia nyuma ya nyumba akaishia kwenye kamati.

Na jambo ambalo nimelifundisha miaka mingi: yule mtumishi aliyesamehewa talanta elfu kumi alikuwa akimdai mwenzake dinari mia. Tumezoea kuhubiri kwamba dinari mia ni kitu kidogo. Si kidogo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, kwa hiyo ni zaidi ya miezi mitatu ya kazi. Kamuulize kijana wa mkono kule bandarini kama anaweza kupoteza miezi mitatu asiumie. Bwana hakusema deni tunalowadai wenzetu ni dogo. Binti Mikindani, kama karatasi yako imejaa, hakuna anayekuambia ulichofanyiwa ni kidogo.

BintiMikindani
Mwalimu, hili la dinari nimelisoma nikamsomea na mwenzangu. Shikamoo.

MwalimuMstaafu
Marahaba mwanangu.

KijanaMagongo
Mwalimu nakubali. Bado kituo cha polisi kipo.

MuuguziChangamwe
Nimewaacha mzungumze, sasa yangu. Sisi msamaha wetu ulikuja kupitia maabara. Tulikwenda kupima kabla ya ndoa, tukijua ni Ukimwi tu. Tukaongeza selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu binamu yangu anayo. Wote wawili tukatoka AS, yaani kila mmoja amerithi S, chembe ya selimundu, kutoka kwa mzazi mmoja tu. Mama mkwe aliposikia akasema damu yangu ni mbaya, nimwachie mwanawe. Alisahau kwamba na mwanawe ni AS, na kwamba hiyo S mmoja kati ya yeye na baba mkwe ndiye aliyempa.

Hapa Pwani watu wenye AS ni wengi, kwa sababu kuwa nayo kulimkinga mtoto na malaria kali, na malaria tumeishi nayo vizazi na vizazi. Mtu wa AS si mgonjwa. Ila mkiwa AS wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa robo, yaani asilimia 25, mtoto kuwa na ugonjwa wenyewe. Kila mimba, sikilizeni. Watu hudhani ukizaa mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wako salama. Hapana.

Tulioana tukijua. Mtoto wetu wa pili anao. Mama mkwe ndiye anayelala naye hospitali ninapokuwa zamu, anamkanda miguu usiku kucha maumivu yakimjia. Hajawahi kuniomba radhi kwa maneno, wala sidai tena.

DamuYaKondoo
Mungu amponye mtoto. Mngeomba kabla ya kupima.

MuuguziChangamwe
Tuliomba kabla, tukaomba na baada. Kupima si kukosa imani. Mwanangu anaomba kila usiku na dawa zake anameza kila asubuhi.

WaTudor
Mimi ningesema muachane tu mapema, kila mtu atafute AA wake, asiye na S.

MamaLikoni
Wewe Tudor hujapenda bado.

MrabaiHalisi
Binti, ushauri wangu: walioko kwenye karatasi wote waalike. Siku ile utakuwa na furaha nyingi mno hata hutawaona.

MamaMtopanga
Mimi nasema tofauti. Usimwalike mtu ambaye hujazungumza naye. Utamwona tu, tena wakati wa kula kiapo. Zungumza naye kabla, hata kama ni kwa simu, hata kama mtagombana. Na huyo rafiki wa sahani moja mwanzie yeye. Ndugu wa damu atakuja tu, umwalike usimwalike.

KijanaMagongo
Na mweka hazina awe mama mkali, na awepo wa pili wa kuangalia ile simu.

MamaMtopanga
Hilo nalitia sahihi kwa mikono miwili.

MwanaKengeleni
Binti, kama kuna mzee kwenye hiyo karatasi, mtume mzee mwenzake akaseme naye. Kijana ukienda mwenyewe itaonekana unamfunza adabu.

BintiMikindani
Nimesoma kila neno, Mungu awabariki. Rafiki yangu nimempigia jana usiku. Alikata. Leo asubuhi amenitumia ujumbe, ameandika "sema". Jumamosi baada ya mafundisho twaonana Mama Ngina, ufuoni. Ndugu wa damu bado sijaweza, na katekista nitamwambia hivyo hivyo. Mzee nimempata wa kumtuma.

MamaLikoni
Uende na maji ya kunywa, mazungumzo hayo hukausha koo.

MuuguziChangamwe
Na kipimo cha selimundu mmekwenda?

BintiMikindani
Cha Ukimwi tushapima. Hicho twaenda Jumatatu, wote wawili.