Tupeane uzoefu: siku kazi ya mikono ya sebuleni ilipogeuka kuwa biashara

Sindano ya Katuba

Ndugu zangu wa Lubumbashi, salamu. Juzi nilikuwa nikisafisha droo ya cherehani, nikakuta daftari langu la mwaka 2019 lenye orodha ya mifuko ya kitenge niliyouza tangu nilipoanza kushona kwa kujifurahisha. Jina la mteja limo, rangi ya kitenge imo, bei imo. Kilichokosekana ni kila kitu kingine: zipu, bitana, uzi, nauli ya kwenda na kurudi Soko la Kenya hapa mjini, makaa ya pasi siku ambazo umeme ulikatika. Pande moja la yadi 6 lilinipa mifuko kumi, nami nilitoa bei ya kitenge peke yake katika hesabu na kilichobaki nikakiita faida. Nilipopiga hesabu upya, nikiwa nimekaa sakafuni na ufagio pembeni, niligundua kwamba mfuko wenye zipu mbili niliuuza kwa hasara kwa miaka miwili, na ndio uliopendwa kuliko yote.

Naomba tupeane uzoefu. Wewe uliyeanza nyumbani kwa kufuma, kushona, kuchonga au kufua shaba, ni siku gani ulipotambua kwamba mchezo umekwisha? Tafadhali msituletee ushuhuda wa mafanikio peke yake, maana huo tunausikia kila Jumapili.

Mama Mapacha

Zipu, mama. Hata mimi zimenimaliza.

Nyundo na Shaba

Daftari lako limenikumbusha jambo ambalo mke wangu ameniomba nisilitaje tena mezani, kwa hiyo nitalitaja hapa. Nilizaliwa Likasi wakati mkoa huu ungali ukiitwa Shaba, na baba yangu ndiye aliyenifundisha kuchora kwa nyundo juu ya bamba. Kwa miaka mingi nilitengeneza zawadi za ndoa na ubatizo tu, pamoja na misalaba midogo ya shaba mfano wa ile ya kale iliyokuwa fedha ya mababu, na hakuna aliyeniuliza bei kwa sauti kubwa. Kisha mtu mmoja akaniagiza sahani 40 za ukutani kwa ajili ya zawadi za mwisho wa mwaka. Alitoa nusu ya malipo, lakini nusu hiyo haikutosha kununua mabamba, ikabidi nibadilishane zamu ya likelemba, yaani upatu wetu, na dada mmoja ili nipate kiasi kilichopungua.

Asiyeijua kazi hii afahamu kwamba shaba ukiipiga inazidi kuwa ngumu, na usipoirudisha motoni itapasuka kwenye kona. Unaipasha hadi ipate wekundu hafifu, unaipoza, unaendelea. Mimi niliifanya kazi hiyo uani usiku, juu ya jiko la makaa, na kila nilipogonga bamba jirani yangu naye aligonga ukuta, tukawa kama wapiga ngoma wawili wasioelewana. Nilimaliza sahani zote kwa wakati. Nilizisugua kwa limau na chumvi, nikazisuuza, nikazikausha, na watoto wangu wakanisaidia kuzibeba hadi mezani, ambapo nilizipaka vanishi usiku uleule.

Baada ya siku kumi hivi mteja alinipigia simu akaniambia nije nione mwenyewe. Mchoro ulikuwa wa mwanamke anayetwanga kinuni, na karibu kila sahani ilikuwa na alama za vidole, nyeusi, zilizo wazi kiasi kwamba askari wa upelelezi angezifurahia. Jasho la kidole hubaki juu ya shaba bila kuonekana, nawe ukipaka vanishi juu yake umelifungia humo ndani, nalo linaendelea kuila shaba polepole. Sahani moja ilikuwa na kidole gumba cha mwanangu wa miaka sita, katikati ya paji la uso la yule mwanamke. Alinirudishia sahani 31. Nilitoa vanishi, nikasugua upya, nikapaka upya, na kesho yake nilinunua glavu za pamba jozi sita. Hapo ndipo nilipojua kwamba ni biashara. Sahani yenye kidole cha mtoto sikuisugua, nilitengeneza nyingine mahali pake.

Binti Kamalondo

Pole sana, Papa. Lakini ile nusu iliyobaki alikulipa?

Nyundo na Shaba

Alilipa baada ya miezi mitatu, naye akakata fidia ya usumbufu. Kiasi chake sikitaji, kwa sababu mke wangu husoma hapa.

Mchonga Malakiti

Mimi nilitambua siku nilipoona vumbi la kijani juu ya bukari, ugali wetu. Nilikuwa nikikata mawe mlangoni mwa jikoni, kwa sababu ndipo penye soketi, na wakati wote huo nilidhani kikohozi changu kinatokana na baridi ya Juni. Malakiti ni madini ya shaba, na vumbi lake ni sumu. Siku hizi nakata huku maji yakidondoka juu ya jiwe, nje kabisa, nimefunika pua na mdomo, na watoto hawakanyagi pale. Gharama ya kuhama kutoka mlangoni hadi nyuma ya nyumba ilikuwa waya mrefu na bati mbili, nami nilikuwa nimeiahirisha mwaka mzima.

Jambo la pili ni dogo: mpe mteja maelezo anapoondoka na bidhaa. Mama mmoja aliosha pete yangu kwa siki, ng'aro yote ikatoweka, akaja kunidai. Asidi huila malakiti. Kwa hiyo, Papa Nyundo, limau lako lisikaribie mawe yangu.

Kitambaa Cheupe

Nilikuwa nasoma tu, lakini hayo ya vidole na watoto yamenigusa mahali.

Mimi hufuma vitambaa vya meza kwa sindano ya kulabu na uzi mweupe wa pamba, kazi niliyojifunza kwa masista nilipokuwa shuleni. Mama mmoja mwenye ukumbi wa harusi aliona kimoja nyumbani kwa dada yangu, akaniagiza 30. Kitambaa kimoja hunichukua siku tatu, ikiwa hakuna mgonjwa nyumbani. Nilianza Oktoba na kumaliza mwishoni mwa Januari, nikavipiga pasi, nikavikunja ndani ya shuka na kuviweka katika sanduku chini ya kitanda. Tulikubaliana kwamba ningevipeleka Jumamosi.

Jumatano mjomba wa mume wangu alifariki, na kwa kuwa uani kwetu kuna nafasi, matanga yakawekwa kwetu. Alhamisi asubuhi nilikwenda sokoni na mashemeji kutafuta unga na samaki. Niliporudi, nikiwa bado na gunia kichwani, niliona vitambaa vyangu vyote 30. Vilikuwa juu ya meza, juu ya migongo ya viti, na kimoja kilikuwa chini ya picha ya marehemu. Mama mkwe alikuwa amefungua sanduku. Aliniambia kwa upole kabisa, kwa sababu ni mtu mpole: "Binti yangu, vitu vizuri namna hii unavificha, na wageni wamekaa mbele ya meza tupu?" Wakati huo sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa imekwisha kupakuliwa, yenye mawese ya kutosha, na mzee mmoja wa heshima alikuwa akifuta mkono wake taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, juu ya ua ambalo nililifuma usiku wa Noeli.

Katika matanga mtu hapigi kelele kwa ajili ya kitambaa. Nilikaa chini nikalia, nikalia kweli, na watu wakanisifu kwamba ni mkwe anayejua kuomboleza. Hadi leo wanasema katika ukoo kwamba hakuna aliyemlilia mjomba kama mimi.

Nitaendelea baadaye, mtoto ameamka.

Mama Mapacha

Usituache hapo! Jumamosi ilikuwaje?

Mzee wa Ruashi

Nitasema neno ambalo halitapendwa. Mama huyo hakukosea. Aliingia katika nyumba ya mwanawe, akakuta vitambaa, akavitandika kwa heshima ya marehemu ndugu yake. Kitu kisicho na jina la mteja juu yake ni kitu cha nyumba. Kosa ni la yule aliyefanya biashara ya siri chini ya kitanda.

Binti Kamalondo

Kwa heshima zote, Papa Mzee, ingekuwa ni magunia ya saruji ya mume, kuna mtu angeyafungua akajenga kaburi?

Mzee wa Ruashi

Saruji inajulikana kuwa ni biashara.

Binti Kamalondo

Hilo ndilo tunalolizungumzia hapa tangu mwanzo, Papa.

Mama Mapacha

Nanunua kufuli leo. Tena mbili.

Mkwe Mtulivu

Mimi ningeshauri kinyume. Ukifunga sanduku kwa kufuli ukweni, matanga yatakuwa mawili. Mpe mama mkwe kazi: yeye ndiye awe mtunza sanduku, na kila oda ikilipwa umkatie kidogo. Wangu nilimfanya mkaguzi wa vifungo, na sasa anawafukuza hata watoto wangu wasiguse.

Yaya Rangi

Turudi kwenye mawese. Loweka katika dawa ya kung'arisha usiku kucha, yatatoka.

Sindano ya Katuba

Yaya, usimpotoshe mtu. Dawa hiyo ikikaa usiku kucha inaudhoofisha uzi wa pamba, na kazi ya kulabu ikikatika uzi mmoja inafumuka yote. Wewe ndiwe uliyetuambia pia kwamba kitenge kinachochuja rangi kilowekwe katika chumvi na siki. Nilikiloweka, kikaendelea kuchuja vilevile, na mfuko ukamtia mteja madoa ya zambarau kwenye blauzi nyeupe. Siku hizi nafua kitenge kabla ya kukata, basi. Kinachochuja mno nakirudisha au nakitumia kwa kitu kisichogusana na nguo, na kile kinachopungua kinapungulia kwangu badala ya kupungulia kwa mteja.

Yaya Rangi

Kwangu chumvi inafanya kazi.

Sindano ya Katuba

Kwako kitenge kilikuwa kizuri tangu dukani.

Binti Kamalondo

Mimi sina msiba wa kusimulia, nina noti. Natengeneza bangili za nyaya za shaba, na bei zangu huzitaja kwa dola, kwa sababu vifungo na shanga zinazotoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hununuliwa hivyo. Mteja akitaka kulipa kwa faranga, tunatumia kiwango cha siku hiyo kwa wabadilishaji wa barabarani, wala si cha wiki iliyopita. Nilijifunza hilo baada ya kukaa na faranga za oda nzima mwezi mmoja na kukuta hazinunui shanga zilezile. Noti ninayoisema ni ya dola 20, niliyopewa jioni, nyumbani, kwenye mwanga wa mshumaa. Asubuhi nikaona imechanika ukingoni, urefu wa punje ya mchele. Mnajua wenyewe. Nimeizungusha Soko la Kenya, nimeizungusha Soko la Mzee, hakuna anayeipokea. Imo ndani ya Biblia yangu, katika Kitabu cha Ayubu. Tangu siku hiyo napokea malipo kwa simu, au mchana.

Karani Mstaafu

Wengi hapa mnaogopa karatasi kuliko inavyostahili. Nchi yetu imo katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu Septemba 2012, na sheria zake za biashara zina nafasi ya mjasiriamali mdogo anayefanya kazi peke yake, ambaye huingia katika daftari la biashara kwa kutoa tamko tu, bila kupitia taratibu zote za kampuni. Mwenye tamko hilo anatakiwa kuandika mapato na matumizi yake siku kwa siku, jambo ambalo lingemwokoa ndugu yetu mwenye zipu. Ushauri wangu wa pili ni kwamba nusu ya malipo haitoshi kama nusu hiyo hainunui malighafi yote. Papa Nyundo asingegusa zamu ya likelemba.

Mchonga Malakiti

Karani anasema kweli, lakini mteja wa hapa ukimwomba asilimia 70 anakuuliza kama unasafiri.

Mkwe Mtulivu

Na ndugu je? Mimi ndugu nawauzia kwa bei ya gharama.

Mama Mapacha

Mimi ndugu nawauzia kwa bei ya juu, kwa sababu najua watalipa nusu.

Sindano ya Katuba

Nawakumbusha kwa upole kwamba mada ni biashara ya nyumbani, si wakwe. Hata hivyo, Kitambaa Cheupe, Jumamosi ilikuwaje?

Mzee wa Ruashi

Nami nasubiri.

Kitambaa Cheupe

Nimerudi. Ijumaa usiku, baada ya wageni kulala, nilivifua vyote kwa sabuni ya kipande na maji ya moto, nikisugua kila ua kwa kidole, hadi maji yakaacha kuonyesha mafuta. Mafuta yalitoka, lakini rangi ya machungwa ikabaki. Shangazi mmoja wa marehemu, ambaye hakuwa amelala, aliniambia niache kusugua, nivianike tu, kwa sababu rangi ya mawese hufifishwa na jua. Alisema kweli, ila ilikuwa Januari, na ninyi mnajua Januari yetu: jua saa moja, mvua saa tatu. Nilivianika na kuvianua sijui mara ngapi, huku nikiwa nimevaa nguo za msiba.

Jumamosi asubuhi nilimpigia mteja nikamweleza yote bila kupunguza, hata sombe niliitaja. Alinyamaza kwa muda, kisha akanipa pole ya msiba na siku kumi zaidi. Vitambaa 19 vilirudi kuwa vyeupe, akavichukua na kuvilipia. Vilivyobaki nilivifuma upya hadi katikati ya Machi, na uzi wake ulitoka mfukoni mwangu.

Vile 11 vyenye madoa vipo ukweni. Mama mkwe aliviomba, na amevitandika juu ya viti vya sebuleni. Kila Jumapili tukienda kula huko, mimi hupewa kile chenye vidole vya yule mzee.